Habari za Waimbaji wa Hamburg Waliopatana

Wengi wenu ni waimbaji, au ni wazee wa kanisa wenye kwaya, nanyi mwajua ya kuwa hakuna kazi iletayo furaha kama kuimba pamoja, wala hakuna iletayo magombano upesi kama hiyo hiyo. Mmoja ataka sauti yake isikike kuliko za wenziwe. Mwingine ametunga wimbo, nao haukuchaguliwa. Wa tatu amesikia neno lililosemwa nyuma ya mgongo wake. Mwisho mtu huchukua kitabu chake akaenda zake, na benchi hubaki na nafasi. Juu ya kuondoka huko sina la kuwaambia, mmekuona wenyewe. Nataka kuandika juu ya kurudi, maana kurudi ni kugumu zaidi, hasa kama nafasi ile imekwisha kupata mtu mwingine.

Mfano nitakaoutumia si wa kwaya ya kanisa. Ni wa bendi moja ya Ujerumani, ya mji wa bandari wa Hamburg, jina lake Helloween. Kijana mmoja niliyemfundisha zamani, ambaye sasa ni fundi wa umeme, ndiye aliyenisikilizisha nyimbo zao katika simu yake, akanieleza habari zao mpaka usiku ukawa mwingi. Nami nilipoisikia habari ile, niliona ya kuwa imetupita sisi wengi tuliobatizwa.

Muziki wao huitwa pawa metali. Ni muziki wa kelele, sikatai. Magita ya umeme hupigwa kwa nguvu, na mpiga ngoma hutumia mikono na miguu yote miwili, hata mtu adhani ya kuwa mvua ya mawe inanyesha juu ya bati. Walakini ukitega sikio utasikia kwamba magita mawili huenda pamoja kwa sauti mbili, kama soprano na alto, na juu yao mwimbaji hupandisha sauti nyembamba mpaka mahali ambapo wanaume wengi hawafiki. Kisha huja kiitikio, nacho kimetungwa makusudi ili maelfu ya watu waweze kukiimba pamoja. Katika jambo hilo wao na sisi tu ndugu.

Tena nisiwafiche habari ya jina lao. Limetokana na mkesha wa Watakatifu Wote, ambapo watu wa Ulaya na Marekani huchonga maboga na kuwasha mishumaa ndani yake. Ndiyo sababu alama yao ni boga. Nao vijana wale walibadili herufi moja ili neno la jehanamu lisikike ndani ya jina, kama mzaha. Pengine mzee mmoja atasema, «Basi tufunge gazeti.» Namwomba avumilie kidogo. Santuri yao kubwa ya kwanza, ya mwaka 1985, waliiita Walls of Jericho, yaani Kuta za Yeriko.

Walianza mwaka 1984, watu wanne: Kai Hansen, mwimbaji na mpiga gita, Michael Weikath, mpiga gita wa pili, Markus Grosskopf, mpiga besi, na Ingo Schwichtenberg, mpiga ngoma. Hansen aliona ni kazi nzito kuimba na kupiga gita pamoja, kwa hiyo wakamtafuta mwimbaji, wakampata kijana Michael Kiske, ambaye alikuwa hajatimiza miaka 19. Pamoja naye wakatoa santuri mbili, mwaka 1987 na 1988, jina lake Keeper of the Seven Keys, yaani Mlinzi wa Funguo Saba, sehemu ya kwanza na ya pili. Hizo ndizo zilizowafanya wajulikane duniani, na vijana wa Finland, Italia, Uswidi na Brazili wakajifunza kwazo namna ya kupiga muziki huo.

Lakini wakati wa mavuno ndio wakati wa magombano. Baada ya sehemu ya pili Hansen aliwaacha, akaanzisha bendi yake, Gamma Ray. Walimweka Roland Grapow mahali pake, wakatoa santuri mbili nyingine, mwaka 1991 na 1993, nazo watu wengi hawakuzipenda. Hapo Weikath na Kiske hawakuweza tena kukaa katika chumba kimoja. Mwaka 1993 Kiske akatolewa. Mwaka ule ule akatoka na Ingo, mpiga ngoma, kwa kuwa ugonjwa wa akili ulikuwa umemshika. Mwezi wa Machi 1995 akafa kwa mkono wake mwenyewe, naye alikuwa na miaka 29 tu. Wenziwe wakamkumbuka kwa kumwekea wakfu santuri yao ya mwaka 1996.

Ndugu zangu, tusipite hapa mbio. Kifo cha Ingo chaonyesha jambo ambalo wagombanao hulisahau, ya kuwa siku za kupatana zina hesabu. Wengine waliokuwa mbali waliweza kurudi baada ya miaka 20 na zaidi. Yeye hakungojewa na wakati. Na katika vijiji vyetu pia wako wagonjwa wa namna hiyo, ambao twawaita wakaidi au walevi, na mara nyingi hatuwaulizi neno mpaka siku ya mazishi.

Mwaka 1994 mwimbaji mpya akaingia, Andi Deris, kutoka bendi nyingine ya Ujerumani. Nataka mumshike sana mtu huyu katika fikira zenu, maana kwangu yeye ndiye mkubwa wa habari hii. Deris aliikuta nyumba imeanguka nusu. Sauti yake si nyembamba kama ya Kiske. Ina ukwaruzo, kama ya mtu aliyepiga kelele shambani kutwa. Kila alipokwenda walikuwako watu waliomtaka yule wa kwanza. Walakini alitunga nyimbo, akaimba, akasafiri, na kwa kazi yake na ya wenziwe nyumba ikasimama tena. Wengine walikuja wakaenda: Grapow na mpiga ngoma Uli Kusch waliondolewa mwaka 2001, Sascha Gerstner akashika gita tangu 2002, Dani Löble akashika ngoma tangu 2005. Katika miaka hiyo yote ni Weikath na Grosskopf tu waliokuwako tangu mwanzo bila kukatika.

Sasa, kupatana kwao hakukuja siku moja, wala hakukuanzia mezani kwa kutia sahihi. Kwanza mwaka 2007 na 2008 bendi ya Hansen na bendi yake ya zamani zilisafiri pamoja, kila moja na kazi yake, na mwisho wa usiku wakaimba nyimbo chache pamoja. Kisha Hansen na Kiske wakakutana katika bendi nyingine, Unisonic, wakatoa santuri mwaka 2012. Lililobaki gumu lilikuwa la Kiske na Weikath. Kiske mwenyewe amesimulia ya kuwa walipokutana, Weikath alimwuliza amemfanyia nini hata asiweze kusamehewa. Naye Kiske alipochungulia moyoni mwake aliona ya kuwa amekwisha kumsamehe zamani, ila hakuwa amejua. Neno hilo limenifikirisha siku nyingi. Kumbe mtu aweza kuendelea kubeba mzigo mtupu, kwa desturi tu, kwa kuwa hakuna aliyemwuliza, «Ndani mna nini?»

Mwaka 2016 wakatangaza kwamba watasafiri pamoja, na mwezi wa Oktoba 2017 wakaanza, huko Monterrey katika nchi ya Mexico. Hapo ndipo swali langu lilipo. Hansen na Kiske wanarudi. Haya, nani atoke? Watu wengi duniani wangejibu upesi: Deris na Gerstner watoke, wenye nyumba wamekuja. Lakini hakuna aliyetoka. Badala ya watu watano wakawa saba. Magita yakawa matatu, na waimbaji watatu: Kiske, Deris, na Hansen aliyeimba hapo kwanza kabisa. Nyimbo wakagawana, nyingine Kiske peke yake, nyingine Deris peke yake, nyingine wote pamoja. Mwaka 2018 wakaendelea kusafiri, na watu waliowapenda katika nyakati zao mbalimbali wakasimama katika uwanja mmoja.

Kusafiri pamoja ni jambo moja, maana mtu aweza kuvumilia safari. Kutunga vitu vipya pamoja ni jambo jingine. Kwa hiyo mwezi wa Juni 2021 ndio uliojibu, walipotoa santuri mpya isiyo na jina ila jina la bendi lenyewe. Ina nyimbo 12, nazo zimetungwa na watu watano: Weikath, Deris, Gerstner, Grosskopf na Hansen. Wa mwisho, Skyfall, ni wa Hansen, nao wapita dakika 12. Wasimulia habari za mgeni kutoka nyota za mbali aliyeshuka duniani na kuwindwa na watu. Waimbaji wote watatu wamo ndani yake. Santuri hiyo ilishika nafasi ya kwanza katika hesabu ya Ujerumani.

Nami nimeisikiliza kwa masikio ya mwalimu wa kwaya, nikitafuta mahali mmoja anapomfunika mwenziwe. Zipo nyimbo ambazo zimejaa mno, kwa kuwa magita matatu ni mengi, na kila mmoja ameachiwa nafasi ya kusema lake. Mtu mkali angekata dakika kadhaa. Lakini Kiske na Deris wanapopokezana, mmoja laini na mmoja wa ukwaruzo, kila sauti yaifanya ya pili isikike vizuri zaidi. Ukwaruzo wa Deris, ambao watu waliuhesabu kuwa upungufu, umekuwa kama chumvi.

Tena jambo moja dogo. Dani Löble, mpiga ngoma wa sasa, katika kuifanya santuri hiyo alizipigia ngoma zile zile za marehemu Ingo. Yule aliyekufa hakuweza kurudi kwenye benchi, basi waliirudisha kazi ya mikono yake.

Je, mapatano hayo yalidumu? Mwezi wa Agosti 2025 walitoa santuri nyingine, Giants & Monsters, watu wale wale saba. Sisemi ya kuwa wamekuwa watakatifu. Wala si wote walioitwa: Grapow na Kusch, waliofanya kazi miaka mingi, hawakuwamo katika kurudi huko. Wanadamu hupatana kwa sehemu.

Msomaji wa Maandiko atakumbuka Paulo na Barnaba, walivyoshindana kwa ajili ya Marko, aliyewaacha njiani Pamfilia. Wakatengana, Barnaba akamchukua Marko, Paulo akamchagua Sila. Baadaye, Paulo akiwa kifungoni, alimwagiza Timotheo amlete Marko, kwa kuwa amfaa kwa kazi. Twapenda kuhubiri habari hiyo. Lakini hatusomi popote ya kuwa Sila alifukuzwa ili Marko apate nafasi.

Nayaandika haya kwa sababu katika usharika wetu swali hilo liko mbele yetu mwaka huu. Mwimbaji mmoja wa zamani, kiongozi wa sauti ya nne, aliyetuacha kwa hasira miaka tisa iliyopita, ameomba kurudi. Mahali pake yupo kijana aliyejifunza kwa taabu, akafundisha wengine, naye hakukosa hata Jumapili tatu. Wazee wengine wanasema kijana apishe, maana mkubwa ni mkubwa. Wengine wanasema yule mzee akae nyuma mwaka mzima, aonje matunda ya hasira yake. Neno la kwanza lamwadhibu aliyebaki, na la pili lamwadhibu aliyerudi, na mimi sioni kwa nini kurudi kwa ndugu kuwe na adhabu ya mtu yeyote.

Katika mkutano wetu baada ya mavuno nitasema hivi. Kwanza, mzee aulizwe mbele ya wachache, na sisi tuulizwe, kama bado tumebeba kitu au tumebeba mzigo mtupu. Pili, asirudishwe kwa kishindo. Aanze kwa nyimbo chache za Pasaka, tuone. Tatu, kijana abaki kiongozi wa nyimbo alizozifundisha, na mzee aongoze zile alizotufundisha yeye zamani, ambazo tangu aondoke hatukuziimba sawasawa. Na nne, tutafute wimbo mpya, ambao si wa mzee wala si wa kijana, wajifunze wote wawili siku moja.

Twajua kusema wagombanao ndio wapatanao, lakini methali haimpangii mtu mahali pa kukaa. Hiyo ni kazi yetu. Mfano wa mwana mpotevu watufundisha kumkimbilia anayerudi. Lakini baba yule alitoka nje mara mbili, na mara ya pili alitoka kwa ajili ya mkubwa aliyekuwa shambani. Yeye naye alihitaji kuambiwa ya kuwa mahali pake hapakuchukuliwa. Ninyi wenye kwaya, kama mnaye mtu anayetaka kurudi, nawasihi mwende kwanza kwa yule aliyebaki, mkaongee naye nyumbani kwake, kabla ya kuongeza kiti.

Ni mimi, mwalimu mwenzenu.