Injini Ile Niliiua Mimi

Nilimwambia mwenye gari kwamba injini yake ilikuwa imechoka. Uongo. Ilikuwa nzima, niliiua mimi.

Ni 1HZ, injini ya dizeli ya Toyota, kwenye Land Cruiser ya kubeba watalii. Tajiri alikuwa amechoshwa na gari kupanda mlima wa Mto wa Mbu kuelekea Karatu likijikongoja na kutoa moshi mweusi. Huko juu hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupungukiwa pumzi. Nikamjibu, "Bosi, hilo dogo."

Hesabu yangu ilionekana safi. 1HZ na 1HD-T, ile inayotoka kiwandani na turbo, ni ndugu: silinda 6 za mstari, kipenyo milimita 94, mwendo wa pistoni milimita 100, ujazo cc 4,164. Nikafunga turbo, nikaongeza mafuta kwenye pampu, gari likapaa.

Lakini Toyota hawakuipachika 1HZ turbo wakaiita 1HD-T. 1HZ hubana hewa zaidi ya mara 22, na mafuta yake huanza kuwaka kwenye kichumba kilichomo ndani ya silinda hedi. Moto hutoka kupitia tundu dogo na kuipiga pistoni sehemu moja. Kwenye 1HD-T mbano ulishushwa hadi mara 18.6, kichumba kikaondolewa, mafuta yakapuliziwa moja kwa moja kwenye bakuli lililochongwa juu ya pistoni, na chini zikawekwa pua za kurusha oili ya kuipoza. Mimi nilisukuma hewa ya ziada kwenye mbano ule ule mkubwa.

Na haya niliyajua. Zote mbili nilishazifungua kwa mikono yangu. Ila pesa ilikuwa nzuri, na fundi anayesifiwa mjini huona aibu kusema haiwezekani. Hata geji ya joto la moshi sikuifunga: ingepandisha bei, na tajiri angeuliza ni ya nini.

Joto la moshi huzidi gari linapovuta mzigo mlimani kwa muda mrefu, yaani kazi hasa niliyolifungia turbo. Injini ilipokufa nikafungua hedi, nikakuta pistoni imepasuka. Nikasingizia dizeli chafu, nikasingizia kilomita, mwisho nikamsingizia dereva kwamba alipuuza joto. Akakatwa mshahara.

Tajiri, pistoni ile bado ninayo. Njoo tuhesabiane, na tuanze na deni la dereva.