Mshahara na Ngwe



Kila mwaka mvua za vuli zinapoanza, na vijana wa kidato cha nne wakisha kufanya mtihani wao, mazungumzo ya kijiji chetu hugeuka. Watu huanza kuulizana, "Mwaka ujao nani ataandika watu? Naye atatoa kiasi gani?" Sisi twakaa karibu na Korogwe, katika nchi ya mkonge, na matajiri wa kwetu si wengi: mashamba ya mkonge, mashine za kupasua mbao, na wenye maduka na nyumba za wageni zilizo kando ya barabara kuu. Kwa hiyo neno moja likitoka kwao huenea upesi, na kila likipita kinywani mwa mtu huongezeka urefu. Nami kwa kuwa ni mwalimu, huletewa kila karatasi niisome. Leo nataka kuwaeleza jinsi nilivyosoma karatasi moja vibaya, ili hasara iliyompata mwingine isiwapate na ninyi.

Ilikuwa mwezi wa Desemba, mwaka 2022. Serikali ilikuwa imetoa amri mpya ya mishahara, ianze Januari 2023. Kwa kazi za shamba, kima cha chini kilichokuwa shilingi 100,000 tangu amri ya mwaka 2013 kikawa shilingi 140,000 kwa mwezi. Jumapili moja, baada ya ibada, akaja msimamizi wa shamba moja juu ya pikipiki, akasema kwamba wanataka wakata mkonge, akatoa karatasi. Watu wakaniita. Nikasimama chini ya mwembe, nikasoma kwa sauti kubwa, "Mshahara, shilingi 140,000 kwa mwezi." Watu wakashangilia. Chini ya hayo palikuwa na maneno machache zaidi, "kwa siku 26 zilizotimia ngwe." Na hayo niliyasoma, lakini nilikuwa nimekwisha kushusha sauti, maana nilidhani ni desturi tu ya makarani kujaza karatasi.

Mama mmoja mjane, jirani yangu, ambaye mwanawe nilimfundisha mwenyewe kusoma na kuhesabu, akanikaribia akaniuliza, "Mwalimu, wewe waonaje? Nimwache mtoto aende?" Nikamjibu, "Mwache aende, mama. Kiasi hicho kimewekwa na Serikali, hakiwezi kupungua." Jibu hilo laniuma hata leo.

Kijana akaenda katika juma la kwanza la Januari. Mwanzo wa mwezi wa Machi akarudi usiku, amekonda, mikono yake imejaa alama za miiba. Asubuhi mama yake akaja kwangu. Nilidhani amekuja kunilaumu, kumbe hakusema neno la lawama. Alinipa daftari dogo la mwanawe, akasema, "Mwalimu, nisomee na hili."

Nikalifungua. Kijana alikuwa ameandika kila siku, kama nilivyomfundisha. Wasiopata kuiona kazi hii na wajue kwamba mkata mkonge hukata majani ya chini ya mmea, huondoa miiba ya nchani, kisha huyafunga mafungu, kila fungu majani 30, akayapanga penye njia ili yachukuliwe. Katika shamba lile ngwe ya siku moja ilikuwa mafungu 90, yaani majani 2,700. Aliyezoea huimaliza kabla ya jua kuwa kali. Lakini mgeni wa kazi hawezi. Kijana wetu alipata mafungu 60 kwa siku, nayo siku isiyotimia haikuandikwa; kesho yake alianza kwa kulipa upungufu wa jana. Basi kwa siku 26 alikata mafungu 1,560, ambayo yakigawanywa kwa 90 ni siku 17, na mafungu 30 yakabaki. Shilingi 140,000 kwa siku 26 ni kama shilingi 5,384 kwa siku. Siku 17 zikampa shilingi 91,528. Hapo zikakatwa shilingi 52,000 za chakula alichokopa dukani, na 22,000 za kisu na viatu. Akabaki na 17,528.

Mwezi wa pili ukawa mbaya zaidi. Korona, yaani mtambo unaokamua majani ili kupata nyuzi, uliharibika siku tisa. Majani yaliyokwisha kukatwa hayawezi kungoja siku nyingi, hukauka na nyuzi zake huharibika. Kwa hiyo mtambo ukisimama, wakataji nao husimamishwa. Zile siku tisa hazikuandikwa kwa mtu yeyote. Katika siku 17 zilizosalia akapata siku 11 zilizotimia, nazo ni shilingi 59,224. Chakula tena shilingi 52,000. Zikabaki 7,224. Kwa miezi miwili ya kuamka kabla ya jogoo, kijana yule alikuwa amepata shilingi 24,752, na sehemu ya fedha hiyo akailipa nauli ya kurudi kwao.

Nilifanya hesabu ile mara tatu, nikitumaini kwamba nimekosea mahali. Mama akaniuliza, "Basi karatasi ile ilitudanganya?" Nikamwambia, "Sivyo, mama. Karatasi haikudanganya. Mimi ndimi niliyesoma nusu kwa sauti kubwa na nusu kwa sauti ndogo."

Baada ya hayo nilitafakari sana, nikakumbuka kwamba jambo hili si geni katika nchi yetu. Mkonge uliletwa huku mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Katika miche aliyoagiza ilifika hai 62 tu, na kutoka miche hiyo michache yakatokea mashamba makubwa yaliyojaza bonde la Pangani. Wakati wa Waingereza wazee wetu walifanya kazi kwa kipande. Kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi, na desturi ilikuwa kuzimaliza siku hizo katika muda wa siku 42. Watu wa mbali waliletwa kwa kuandikiwa namba, ndiyo maana wakaitwa manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kuandika watu, iliyoitwa SILABU, ikaleta watu kutoka pande za Kigoma, Songea na kwingineko. Babu yangu aliwahi kushika kadi ile, naye alizoea kutuambia, "Usiniulize nilipata shilingi ngapi. Niulize kadi yangu ilijaa baada ya siku ngapi." Tulipokuwa watoto tulicheka. Sasa naona kwamba babu, asiyesoma hata darasa moja, alijua hesabu ambayo mimi nimeifahamu kwa kuchelewa.

Mwezi wa Oktoba 2025 ikatangazwa amri nyingine ya kima cha chini kwa kazi zisizo za Serikali, ianze tarehe 1 Januari 2026. Redio ikataja kiasi, kwamba shilingi 275,060 zitakuwa shilingi 358,322. Kijiji kizima kikayashika maneno hayo, na kila mtu akajihesabia 358,322 mfukoni mwake, mchunga ng'ombe, mtumishi wa nyumbani na mkata mkonge. Ikanipasa kueleza kwamba kila aina ya kazi imewekewa kima chake, na kile cha shamba si kile cha mgodini wala cha benki. Mtu akisikia idadi moja redioni, asiichukue kuwa yake kabla hajauliza ni ya kazi gani.

Safari hii sikutaka kungoja karatasi. Siku za likizo nikapanda baiskeli, nikaenda kuwauliza matajiri wenyewe wanatazamia nini kwa mwaka ujao. Kwanza nikafika kwa karani wa shamba moja la mkonge. Alinipokea vizuri, akasema kwamba watu watatakiwa, hasa wakataji, maana vijana wa siku hizi hawapendi miiba, na bila wakataji mtambo hauna la kula. Nikamwuliza habari za malipo. Akasema, "Tutafuata amri ya Serikali." Nikamwuliza, "Na ngwe je, itabaki ile ile?" Karani akanyamaza kidogo, akatazama dirishani, kisha akasema, "Mwalimu, ngwe hupangwa na meneja." Ndugu zangu, shikeni jibu hili. Mshahara ukipanda, na ngwe nayo ikipanda, mfanyakazi hakupandishiwa kitu.

Toka hapo nikaenda kwa mwenye mashine ya mbao. Huyu alisema wazi kwamba alikusudia kuandika watu wanne, lakini akilazimika kulipa zaidi ataandika wawili, kwa sababu bei ya mbao haimpandii yeye kwa amri. Sikumwona kuwa mtu mbaya. Yeye naye hununua mafuta, hulipa ushuru, na siku nyingine hukosa magogo. Yafaa tukumbuke kwamba nyongeza ya mmoja huweza kuwa kukosa kwa mwingine, na ya kwamba mfanyakazi ajuaye kazi ndiye huachwa mwisho. Na hapo ndipo nilipomkuta yule kijana wetu, mwana wa mjane, akipanga mbao. Aliniamkia kwa heshima kama zamani, akaniambia kwamba hulipwa kila Jumamosi kwa idadi ya mbao, naye huihesabu pamoja na tajiri wake kabla hazijapakiwa garini.

Mwisho nikafika kwa mama mmoja mwenye nyumba ndogo ya wageni. Katika wote watatu, huyu alitaja fedha kidogo kuliko wengine, pamoja na chakula na mahali pa kulala. Lakini alinionyesha daftari: tarehe, siku ya kupumzika, fedha iliyotolewa, na sahihi mbili kila mwisho wa mwezi, ya kwake na ya binti aliyemwandika. Binti huyo amekaa kwake miaka minne. Sikusema kwamba kiasi kile chatosha, maana hakitoshi. Walakini binti yule ajua kila mwezi atapata nini, na yule mkataji hakujua.

Mimi si mwanasheria, lakini nimeisoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, nayo yasema jambo ambalo kila mzazi yafaa alijue. Tajiri anapomwandika mtu kazi, ampe maelezo kwa maandishi, na katika maelezo hayo iwemo kazi yenyewe, saa zake, malipo yake, na njia ya kuyahesabu malipo hayo. Mfanyakazi asipoyafahamu maandishi, ni juu ya tajiri kuhakikisha kwamba anaelezwa kwa namna atakayoifahamu. Tena ikitokea daawa, na tajiri akashindwa kuonyesha maandishi, mzigo wa kuthibitisha walichopatana ni wake. Saa za kawaida zisizidi tisa kwa siku wala 45 kwa juma. Basi anayeuliza, "Mnahesabuje?" hana ukaidi wala ujeuri, auliza jambo ambalo sheria yenyewe imetaka lisemwe.

Mwenye shamba la mizabibu katika Injili alipatana kwanza na wafanyakazi wake, ndipo akawapeleka shambani; na hata hivyo jioni hawakukosa kunung'unika. Je, itakuwaje kwa wasiopatana kabisa?

Desemba ile ile ya mwaka 2025 msimamizi akaja tena na karatasi, si wa shamba lile la kwanza. Tukakusanyika chini ya mwembe. Nikasoma kuanzia neno la juu hata la mwisho kwa sauti moja, nikageuza na nyuma. Mahali pa ngwe palikuwa na nukta tu, bila idadi. Nikamwomba aijaze. Hakupendezwa, akasema kwamba mambo hayo huelezwa mtu akisha kufika. Watu wakangoja kimya. Mwisho akapiga simu ofisini, akaandika kwa kalamu yake, "mafungu 80."

Nilidhani tumemaliza. Ndipo yule mama mjane, ambaye mwanawe wa pili sasa ametimiza miaka 19 na alitaka kwenda, akasimama akauliza, "Na siku ambazo korona imeharibika, mwanangu atakula nini?" Mimi mwenyewe sikulikumbuka swali hilo. Msimamizi akasema kwamba ataliuliza kwa wakubwa. Vijana tisa wakaandikwa siku ile, lakini mama akasema mwanawe atangoja jibu. Hata ninapoandika haya jibu halijafika, na kijana yuko shambani kwa mama yake, analima.

Ndugu zangu walimu, tukiitwa kusoma karatasi za watu, tusishushe sauti penye maneno madogo. Nanyi wazazi, kabla ya kuuliza ni shilingi ngapi, ulizeni ni kwa ngwe gani, ni siku zipi zisizoandikwa, na ni vitu gani vitakavyokatwa. Kisha mwacheni kijana aende, na daftari lake mkononi.