Rimu Pana na Abiria wa Kiti cha Nyuma

Tairi linapoanza kusugua bodi ya gari, aghalabu dereva ndiye wa mwisho kujua. Yeye yuko mbele, ameshika usukani, na ngurumo ya injini imemjaa masikioni. Wanaosikia ni wale waliokaa nyuma: mama aliyempakata mtoto, na watoto waliobanana kando ya mizigo. Kwa hiyo, wasomaji wapenzi, jambo hili linaloonekana kuwa la gereji peke yake nimeona linafaa pia ukurasa wa nyumbani.

Vijana wetu wengi, kambini na mjini, hupenda kuvua rimu zilizokuja na gari na kuvika zilizo pana zaidi. Siwalaumu. Askari aliyezoea kung'arisha viatu na vifungo hupenda na gari lake lipendeze. Lakini nafasi ya gurudumu ndani ya madigadi ilipimwa kiwandani, nayo haipanuki kwa sababu mwenye gari amependa rimu pana.

Mdogo wangu, koplo wa polisi hapa Kampala, alikuwa na gari dogo lenye rimu za inchi 15, upana wa inchi 6. Akanunua za inchi 16, upana wa inchi 7, na matairi ya 225/50 badala ya yale ya 195/65. Alipoendesha peke yake hapakuwa na kelele. Alipopakia jamaa zake, kila tuta la barabarani lilitoa mkwaruzo nyuma. Mkewe alimwambia mara tatu kwamba kunanuka mpira. Akajibiwa kwamba ni vumbi. Shemeji hakubishana, akaja kwangu.

Jumamosi iliyofuata tulilipakia gari kama wanavyosafiri: shemeji, watoto watatu na magunia mawili. Nikapaka chaki kwenye mabega ya matairi, ndani na nje, tukapita polepole juu ya tuta. Chaki ilifutika nje, nyuma kushoto. Nilipopapasa bega la tairi hilo, vidole vyangu vikagusa nyuzi. Wiki ile ile walikuwa waende likizo Masaka, mwendo wa kilomita 130 hivi. Mdogo wangu alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kaka, kumbe vumbi lina nyuzi."

Sababu yake ni hesabu nyepesi. Kwenye rimu huandikwa namba kama ET45 au ET35. Hizo ni milimita kutoka mstari wa katikati ya rimu hadi uso wake unaokaa juu ya habu. Namba ikipungua, gurudumu husogea nje. Rimu za kwanza zilikuwa ET45, mpya ET35. Milimita 10 hizo, pamoja na nusu ya ile inchi iliyoongezeka katika upana, zilisogeza ukingo wa nje kwa milimita 23 hivi. Upande wa ndani uliongezeka milimita 3 tu.

Washauri hawakukosekana. Mmoja alitaka kukata madigadi. Mwingine kuchomeka vipande vya mpira katikati ya springi, jambo ambalo huzuia springi kufanya kazi yake. Wa tatu kuongeza spesa, ambazo zingesukuma gurudumu nje zaidi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza tairi linasugua wapi.

Tulinunua matairi ya 205/55. Kimo chake ni milimita 632, karibu sawa na 634 za matairi ya kwanza, hivyo kipima mwendo hakidanganyi. Na upana wake umepungua takriban milimita 10 kila upande. Springi za nyuma zilikuwa zimechoka, zikabadilishwa zote mbili. Fundi akapasha moto ukingo wa ndani wa madigadi, akaukunja taratibu rangi isipasuke, akaupaka rangi tena kuzuia kutu. Mwisho magurudumu yakapimwa unyofu. Tukapakia watu wale wale na magunia yale yale, tukapita juu ya tuta lile lile. Safari hii chaki haikufutika.

Nanyi, kabla ya safari ya likizo, lipakieni gari kwanza, ndipo mlikague. Likisugua mnapokata kona kabisa, tazameni plastiki iliyo ndani ya madigadi ya mbele. Likisugua upande wa ndani, tazameni shokamzoba na mpira wa breki, na msiendelee na safari kabla ya kutengeneza. Vipimo vikikataa kabisa, rudisheni rimu za kwanza, hakuna aibu.

Na abiria wa nyuma akisema kunanuka mpira, simamisha gari, ushuke, utazame.