Kwelea na Jaruba la Nyanya

Shomoro hujulikana na kila mtu, kwa kuwa ni jirani. Hujenga tundu lake darini mwetu, huokota punje uani petu, na alfajiri hutuamsha kwa kelele zake. Lakini shomoro ana jamaa yake wa mbali ambaye hana dari wala ua. Hukaa mahali siku chache tu, kisha huondoka na kundi lake, wala hakuna ajuaye atalala wapi kesho. Jamaa huyo ni kwelea. Mimi nilimjua kwa hasara kabla sijamjua kwa elimu, na nataka kukusimulia, msomaji, jinsi nilivyomjua kwa njia zote mbili.

Nililelewa na nyanya yangu katika tambarare ya Kano, karibu na Ahero, ambako maji ya mto Nyando huvutwa kwa pampu na kugawanywa katika mashamba ya mpunga. Nyanya alikuwa na jaruba moja. Kwa jaruba hilo tulikula, tulivaa, na mimi nilisomeshwa. Mwaka ninaousimulia, ambao sasa umepita zaidi ya miaka thelathini, nilikuwa nimemaliza kidato cha kwanza. Ilikuwa Desemba, na karo yangu ya kidato cha pili ilikuwa bado juu ya mabua shambani.

Kazi yangu ya likizo ilikuwa kuamia ndege. Tangu alfajiri hadi machweo nilikaa juu ya dungu, teo mkononi na debe bovu kando yangu. Siku nyingi zilipita bila adui kutokea. Mchana mmoja, jua likiwa kali, nilisikia wenzangu wakioga mferejini na kucheka. Nikajiambia kwamba kuondoka kitambo kidogo hakutadhuru kitu. Nikashuka.

Nilikuwa majini niliposikia mvumo kama upepo wa dhoruba, na hali mbingu ilikuwa tulivu. Nikainua macho. Lilikuwa wingu la kahawia, likijikunja na kujikunjua, likienda chini chini juu ya mashamba. Lilipotua jarubani mwetu lilizidi kusogea kama wimbi, kwa maana ndege waliokuwa nyuma waliruka juu ya wenzao na kutua mbele yao, na hao nao wakafanya vivyo hivyo. Nilikimbia, nikapiga debe, nikatupa mawe, nikapiga mayowe mpaka sauti ikanikauka. Kundi liliinuka upande mmoja, likatua upande wa pili. Jua lilipokuchwa waliondoka wenyewe. Msomaji, suke lenye punje huinama. Jioni ile masuke yetu mengi yalikuwa yamesimama wima.

Nyanya alipofika sikuweza kumtazama. Nilingoja matusi, hayakuja. Aliokota ndege mmoja aliyepigwa na jiwe langu, akampasua kwa kisu, akanionyesha punje chache zilizokuwamo.

"Mjukuu wangu," akasema, "huu ndio mzigo wake wote, na kesho anaanza upya. Huyu hana ghala. Sisi tulikuwa nalo, na mlinzi wake ulikuwa wewe."

Hakuongeza neno. Aliuza mbuzi wake, nami nikarudi shuleni majuma matatu baada ya wenzangu, nikiwa na nusu ya karo. Maneno yake yalinifuata mpaka darasani. Nilianza kuuliza na kusoma habari za ndege yule, kwanza kwa chuki, baadaye kwa mshangao.

Kwelea ni mdogo. Urefu wake ni kama sentimita 12 na uzito wake ni gramu 20 hivi, hata wawili pamoja hawafikii uzito wa yai la kuku. Wakati wa kawaida dume na jike hufanana: mgongo wa kahawia wenye michirizi, tumbo jeupe, na mdomo mwekundu, mnene, wenye nguvu ya kuvunja punje. Wakati wa kuzaa ukifika, dume huwa kama aliyevaa barakoa nyeusi, na kichwa na kifua chake hupata rangi ya waridi au ya manjano. Mdomo wa jike nao hugeuka manjano. Mtaalamu wa Sweden, Carl Linnaeus, aliyemwandika kitabuni mwaka 1758, alidhani kwamba ametoka Bara Hindi. Kumbe ni mwenyeji wa Afrika, kusini mwa Sahara, na hudhaniwa kuwa ndiye ndege wa porini aliye mwingi kuliko wote duniani.

Kwa siku moja kwelea hula kama gramu 10 za mbegu. Kiasi hicho ni kidogo, lakini haba na haba hujaza kibaba. Kundi la ndege milioni moja likila hivyo humaliza tani 10 kwa siku.

Hata hivyo, chakula chake hasa si mpunga wetu, bali ni mbegu za majani ya porini. Wakati wa kiangazi mbegu hizo hulala juu ya ardhi, naye huziokota. Kisha mvua hunyesha, nasi hufurahi na kushika majembe. Lakini mbegu zilizoloa huchipua, na zikichipua hazimfai kwelea tena. Mvua ile ile inayotuletea sisi shibe humletea yeye njaa. Kwa hiyo hujaza mafuta mwilini upesi, huivuka nchi yenye mvua mpya, na kutua mbali, mahali ambapo mvua ilitangulia kwa majuma sita au zaidi na majani yamekwisha kuzaa mbegu. Baadaye hurudi polepole kwa njia aliyoipita, na hapo ndipo azaapo.

Huzaa kwa makundi makubwa katika miti ya miiba, na mti mmoja huweza kubeba mamia ya matundu. Dume husuka tundu la majani mabichi kwa siku mbili tatu, lenye mlango ubavuni. Jike hutaga mayai, aghalabu matatu, ya rangi ya samawati hafifu, nayo huanguliwa baada ya siku kumi hivi. Makinda hulishwa wadudu kwanza, kisha mbegu, na kabla ya majuma mawili kutimia huanza kutoka. Haraka hiyo ina sababu yake, maana majani hayangoji, na tai, mwewe na nyoka huwazunguka. Kwelea wengi hawaishi zaidi ya miaka miwili au mitatu.

Sisemi haya ili tumwachie mpunga wetu. Njaa ya mkulima ni njaa ya kweli. Mnamo Januari 2023, baada ya misimu kadhaa ya mvua haba, makundi makubwa yalivamia mashamba ya mpunga ya Kisumu, na serikali ikanyunyiza sumu iitwayo fenthioni. Sumu hiyo huua wengi kwa usiku mmoja, lakini haichagui: tai na mwewe wanaookota mizoga huweza kufa pia, na kundi jingine huweza kuja pahali pa lile lililokufa. Kule Kondoa, Tanzania, watu huwanasa kwelea kwa mitego na kuwafanya kitoweo. Kila njia ina mpaka wake, na hakuna itakayofaa kwa mtu asiyejua adui wake huja lini na kwa nini. Usilolijua ni kama usiku wa giza.

Nyanya amekwisha kufariki, na jaruba sasa ni langu. Desemba ikikaribia, kabla sijatazama mbinguni, kwanza hutazama majani ya kando ya mfereji. Nikiyaona makavu, yasiyo na mbegu, hali mpunga wetu umeanza kuinama, najua kwamba mahali fulani kundi lenye njaa linatafuta njia. Siku hizo dungu letu halikai tupu, hata wakati wa mchana mkali.