Wapangaji wa Mlimani Waliorudi Bongo kwa Ndege

Taja neno chura kijiweni, uone watu watakavyoangua kicheko. Wa Temeke atakwambia vyura wa mtaroni kwao hawamwachi alale masika yote. Wa Kinondoni ataanza kuimba ule wimbo wa Snura, ambao video yake ilifungiwa mwaka 2016. Lakini wiki hii, msomaji wangu, nakupeleka kwa vyura wa hadhi nyingine, vyura waliopanda ndege kabla yako!

Panda daladala hadi Survey, kisha kata kona uingie Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hapo Mlimani, enzi pakihesabiwa Kinondoni kabla Ubungo haijawa wilaya, walishushwa vyura 100 Agosti 2010. Walitoka bustani za wanyama za Bronx na Toledo, Marekani. Usidhani ni wageni, ni Wabongo halisi: vyura wa Kihansi, kutoka milima ya Udzungwa.

Sasa walifuata nini Marekani? Umeme, ndugu yangu! Vyura hawa waligunduliwa mwaka 1996, wakiishi kwenye kieneo kidogo tu kilicholowa rasharasha za maporomoko ya Kihansi. Duniani kote hawakuwa na kwao kwingine. Mwaka 2000 maji yakageuziwa kwenye mitambo ya megawati 180 na rasharasha zikakatika. Mwaka huohuo vyura 499 wakasafirishwa kwenda Marekani, ili mbegu isipotee.

Waliobaki wakafungiwa mabomba ya kunyunyizia maji, na hali ikaanza kutia moyo. Lakini mwaka 2003 wakafa kwa maelfu. Kati ya vilivyoshukiwa ni ugonjwa wa fangasi wa ngozi ambao umeua vyura nchi nyingi. Mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini. Wa Marekani nao chupuchupu: mwishoni mwa 2004 walibaki chini ya 70, mpaka wataalamu walipoujua utunzaji wao.

Na utunzaji wenyewe si mchezo. Chura wa Kihansi ni wa manjano, na mkubwa kabisa hafiki hata sentimita 3. Hatagi mayai kama wa mtaroni, anazaa vitoto vilivyokamilika, kila kimoja milimita 5 hivi. Sasa mdomo huo utaulisha nini? Inzi wadogo wa matunda na vinyenje vichanga, tena vilivyopakwa unga wa vitamini. Tangini wanataka majani, maji safi yanayonyunyizwa mara kwa mara, na taa yenye miale kama ya jua. Joto letu la Dar nalo hawaliwezi. Kwao ni ubaridi na unyevu.

Kuishi pamoja wanaweza, wamezoea kubanana kama wapangaji wa Manzese. Ila ni wao kwa wao! Ukimtumbukiza chura wa mtaroni humo, umeharibu. Mkubwa humeza mdogo bila aibu, na asipommeza anaweza kumwachia ugonjwa. Ndiyo maana mhudumu wa vyura kama hawa hubadilisha viatu na kunawa kabla ya kugusa tangi.

Kwa hiyo dogo wako wa Mbagala akifuga vyura kwenye ndoo, mwambie haya: asichanganye wakubwa na wadogo, asiwape maji ya bomba yenye dawa, na anawe mikono kila akiwashika. Akichoka kuwafuga, awarudishe palepale alipowatoa. Akiwahamishia mto mwingine, huenda na ugonjwa ukahamia huko.

Tangu mwaka 2012 vyura wa Kihansi wameanza kurudishwa kwao, chini ya yale mabomba ya kunyunyizia. Wapo wanaonung'unika eti hela nyingi zimeliwa na vyura. Sawa, lakini tujiulize: nani alimkatia maji mwenzake? Umeme wa Kihansi unaingia gridi ya taifa, gridi ileile inayotuletea mwanga Tandika na Mwananyamala. Tuliwasha taa, mwenye nyumba akahama. Kumlipia pango ni deni letu, siyo hisani.

Haya, wiki njema, na usiku huu ukisikia kelele za mtaroni, usiwarushie jiwe!