Wiki Tatu na Omware

Mathee alinipigia simu katikati ya Novemba, saa tatu usiku, saa ambayo anajua niko kwa nyumba. Hakuuliza kama nimekula. Alisema tu, "Mdogo wako amemaliza mtihani. Baba yako anasema wewe ndiye utakaa naye."

Kama wewe si Mkisii, huenda hiyo sentensi imekupita. Kwetu Kiogoro, shule zikifungwa mwisho wa mwaka, kinachokuja kwanza si Krismasi. Ni msimu wa tohara. Wabukusu wao husubiri Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili. Sisi hatuna hiyo subira. Kila mwaka, kuanzia Novemba, kuna vijana wa kupashwa, na asubuhi barabara inajaa akina mama wenye matawi na firimbi, na dereva wa matatu anajua ama atoe mia moja ama angoje wamalize kucheza.

Kijana aliyepashwa anaitwa omware. Anakaa ndani mpaka apone, na wazazi wake hawaingii humo. Ni heshima, ni haya, ni vyote viwili. Kwa hivyo lazima awe na mtu: wa kumpokelea chakula mlangoni, wa kumfundisha, wa kuhakikisha moto wake hauzimiki. Huyo ni omosegi. Mara nyingi ni kaka au binamu ambaye hajaoa, na anatakiwa awe mtu ambaye mtoto anaweza kumtazama akaona mbele yake.

Hapo ndipo nilishikwa na baridi. Niliacha chuo mwaka wa tatu. Karo ilikwama, nikakosa mtihani, nikasema nitarudi muhula ujao, na muhula ujao haukufika. Sasa naandika: matangazo ya watu wa maua, hotuba za wanaharusi, makala kama hii. Mathee anajua. Baba anajua pia, kwa sababu ng'ombe wawili waliuzwa kulipa ile karo, na mtu hawezi kusahau ng'ombe wawili. Ila hatujawahi kulizungumzia, na kijijini bado naitwa Injinia.

Nilisafiri mwisho wa Novemba. Nauli ya 1,200 ilikuwa imefika 2,000, kama kawaida ya msimu. Narok, Bomet, Sotik, Keroka, halafu ile harufu ya udongo uliolowa na majani ya chai, na unajua umefika.

Zamani kijana aliamka alfajiri, akaoga maji baridi ya mto, akasimama mbele ya omosari bila kupepesa jicho. Mdogo wangu, miaka 12, alipelekwa zahanati na boda, akapigwa sindano ya ganzi. Wajomba walilalamika kidogo kuhusu ganzi, halafu wakalipa wao wenyewe. Kilichobaki vilevile ni njia ya kurudi. Tulipofika kona ya sokoni akina mama walikuwa wanangoja, na esimbore ikaanza.

Esimbore ni wimbo ambao huwezi kuimba siku nyingine yoyote. Maneno yake ni machafu, na hayakuchafuka kwa bahati mbaya. Magokoro wangu huzima redio wimbo wa mapenzi ukianza, na kanisa lake limeshahubiri mara nyingi dhidi ya haya mambo. Siku hiyo alikuwa mbele kabisa, tawi mkononi, akitamka mbele ya wakwe zake vitu ambavyo nikiviandika mhariri atanipigia simu. Nilimtazama mdogo wangu akitembea katikati yao, leso kiunoni, miguu imeachana, akijaribu kutocheka na kutolia kwa wakati mmoja.

Dada yangu alisimama pembeni na simu, akirekodi. Nataja hilo kwa sababu wasichana nao walikuwa na msimu wao, na nyimbo zao. Sheria ya 2011 iliharamisha ukeketaji, na baba alikuwa amekataa hata kabla ya hapo. Hiyo ni sherehe nisiyoililia. Kinachoniudhi ni kwamba haikufa, iliingia tu ndani: inafanywa kimyakimya, wakati mwingine na watu waliosomea uuguzi, bila matawi na bila firimbi. Dada alirekodi mpaka mwisho, akaniambia, "Mwambie asikune."

Tulikaa kwenye chumba cha bati nyuma ya jikoni. Kwa heshima tuliita esaiga, jina la nyumba ya vijana wa zamani, ingawa ndani kulikuwa na gunia la mbolea na baiskeli mbovu. Mzee mmoja wa ukoo alikuja akapanda esuguta, ile nyasi, kwenye udongo wa sakafu, akawasha moto. Akatuambia mambo mawili: nyasi isikauke, moto usife.

Nilipokuwa chuo niliwahi kukuta kitabu cha Robert na Barbara LeVine kwenye maktaba, Nyansongo: A Gusii Community in Kenya, cha 1966. Nilikisoma nikiwa nimesimama. Ilinishangaza kuona mila za kwetu zikiwa na jedwali la yaliyomo. Lakini hakuna kitabu kinachokuandaa kwa kazi yenyewe, ambayo hasa ni moshi. Moshi asubuhi, moshi usiku, nguo, nywele, chai. Kazi nyingine ni kula. Mathee alipitisha mlangoni obokima ya wimbi, chinsaga, kuku, maziwa lala, ndizi, na bado akauliza kwa nyuma ya ukuta kama mtoto ameshiba. Mtoto alikuwa ameongezeka kilo. Mimi pia.

Usiku vijana wakubwa walikuja kumtisha. Kuna enyabububu, mnyama anayenguruma nje gizani. Nilipokuwa na miaka 11 karibu nipasue ukuta. Ni nini hasa, sitasema. Wanaanthropolojia washafanya kazi yao, mimi nina wadogo wengine. Nitasema tu kwamba mdogo wangu alinishika mkono, akaniachilia haraka, akajifanya alikuwa anatafuta tochi.

Mafundisho je? Nilikuwa nimejiandaa. Heshimu wazazi, usiingie chumba chao cha kulala tena, usipigane na watoto, osha mwenyewe nguo zako. Alisikiza kwa adabu, halafu akauliza, "Junior Secondary ni ngumu?" Na siku nyingine, "Ukitoka hapa unarudi campus lini?" Nilisema Januari. Uongo ulitoka bila hata kukwaruza koo.

Usiku wa kumi mvua ilinyesha ile ya Kisii, ya kupiga bati mpaka hamsikizani. Nilikuwa na kazi ya mteja. Nilikuwa nimeingiza simu ndani kwa siri, kinyume cha sheria yangu mwenyewe. Niliandika hadi saa nane nikalala nayo kifuani. Niliamshwa na baridi. Mdogo wangu alikuwa amechuchumaa kwenye jivu, akipuliza.

"Umezimika," alisema.

Nikapuliza pia. Hakuna hata cheche. Nje maji yanatiririka, na mtoto ameanza kutetemeka, kwa sababu ameambiwa moto ukifa kuna jambo baya litampata, na aliyemwambia ni mimi. Nikatafuta kiberiti kwenye mfuko wa suruali, nikawasha kwa karatasi za daftari lake la Gredi ya Sita. Ulishika mara ya tatu.

"Si wataambiwa?" akauliza.

"Na nani?"

Akafikiri. Nikaona ni kama nimemwachia mzigo mzito peke yake, na si haki. Ndipo nikamwambia. Kwamba siendi chuo Januari. Kwamba sijaenda tangu mwaka juzi. Kwamba ile simu niliyolala nayo ndiyo kazi yangu, na mwezi mwingine inalipa na mwezi mwingine hailipi.

Alikaa kimya muda mrefu, akisukuma vijiti ndani. Kisha akauliza, "Kwani baba hajui?"

"Anajua."

"Sasa kwa nini anakuita Injinia?"

Sikuwa na jibu. Tuliangalia moto mpaka jogoo.

Alitolewa Disemba 20. Tenti ya bluu, viti vya plastiki vya kukodisha, spika zilizosikika mpaka ng'ambo ya bonde, keki yenye jina lake limekosewa herufi moja. Alivaa suti na mashada ya karatasi za kung'aa shingoni. Esuguta tulikuwa tumeing'oa asubuhi, bado mbichi, tukaipanda nje kando ya nyumba.

Halafu hotuba. Mjomba wa kwanza: soma kama kaka yako. Wa pili: mfano unao hapa nyumbani. Shangazi alitoa shuka na maneno hayohayo. Kila mara mdogo wangu alinitupia jicho, nami niliangalia viatu vyangu. MC akatangaza kwamba sasa baba mwenye boma atazungumza, kisha tutamsikiza Injinia mwenyewe.

Baba alishika maiki vibaya, ikapiga yowe. Alishukuru wageni, alishukuru Mungu, alishukuru waliopika. Akageuka upande wangu.

"Huyu wangu mkubwa," akasema, akanyamaza. Nilihesabu pumzi. "Huyu aliacha kazi yake Nairobi, akakaa na mdogo wake siku 21. Moto haukuzimika hata siku moja."

Watu walipiga makofi. Mdogo wangu alijaza keki mdomoni haraka, mashavu yakavimba, na mabega yakaanza kumtikisika.