Jina la Arobaini na Moja

Jina lake lilikuwa la 41 kwenye orodha, na mimi ndiye niliyelikata. Nilitumia rula na kalamu nyekundu, kwa mazoea ya mwalimu aliyesahihisha madaftari miaka thelathini. Pembeni niliandika neno moja: "Wameshapewa."

Ilikuwa Septemba 2024, katika kamati ya basari niliyoketi upande wa Naivasha. Sitaitaja kamati wala wenzangu. Pendekezo lilikuwa langu, nao walilikubali kwa sababu waliniamini.

Fomu zilikuwa zimejaa katoni tatu na pesa hazikutosha hata nusu ya waombaji. Siku kama hiyo mtu hutamani kupunguza majina kabla hajaanza kusoma shida za wenyewe. Njia ya kupunguza niliipata mimi. Mezani palikuwa na orodha nyingine, ya familia zilizoandikishwa kupokea misaada baada ya mafuriko ya Mai Mahiu. Nikasema walio kwenye orodha hiyo tuwaweke kando, maana wamesaidiwa tayari, na haifai nyumba moja ipate mara mbili huku nyingine ikilala njaa. Hakuna aliyepinga. Nikaziweka orodha mbili sambamba, nikashuka na rula, na kabla chai haijaletwa nilikuwa nimekata majina 11. Jioni ile nilienda nyumbani nikijiona nimetenda haki.

Nieleze kilichokuwa kichwani mwangu, si kwa kujitetea. Sisi wa Nakuru tumeona misaada ikiliwa. Baada ya ghasia za uchaguzi wa Desemba 2007, kila palipotajwa fidia ya wakimbizi wa ndani walijitokeza watu ambao hawakuwa wamepoteza hata sufuria, huku waliochomewa nyumba wakisubiri. Tangu wakati huo nimekuwa nikiitazama orodha yoyote ya misaada kwa jicho la shaka. Shaka hiyo nilidhani ni uangalifu. Kumbe kwa wengi niliowakata ilikuwa uvivu tu, maana orodha ile haikusema nani alipata nini, na mimi sikuuliza. Wapo waliokuwa wamepewa godoro moja na pakiti za unga. Kwangu wote walikuwa "wameshapewa".

Na mafuriko yenyewe niliyajua. Alfajiri ya Jumatatu, tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliyokuwa yamezibwa chini ya tuta la reli ya zamani kule juu, upande wa Kijabe, yalipasua njia yakateremkia Kamuchiri na vijiji vya jirani. Yalibeba mawe, miti, magari, na nyumba pamoja na waliokuwa wamelala ndani. Waliokufa walipita 50. Nilienda siku ya tatu na watu wa kanisa letu tukiwa na nguo na blanketi. Nilisimama kwenye tope ambalo juzi yake lilikuwa ua wa mtu, nikasali. Miezi mitano baadaye nikawakata watu wale wale kwa rula.

Februari 2025 nilikuwa nikingoja matatu Mai Mahiu, karibu na wauza viazi na kabeji wa kando ya barabara. Mama mmoja ninayemfahamu kwa sura akanisalimu.

"Mwalimu, habari ya siku nyingi?"

"Nzuri, mama. Watoto hawajambo?"

"Wadogo wako shule. Yule mkubwa alikuwa ameitwa chuo kikuu, lakini amerudi. Yuko Naivasha kwa maua."

Februari, kwa sababu ya Siku ya Wapendanao huko Ulaya, mashamba ya maua kandokando ya ziwa huajiri vibarua wengi, na wasichana husimama kutwa wakifunga waridi. Nikamuuliza jina la huyo binti. Nililijua kabla hajamaliza kulitamka.

Hata hapo, na hili ndilo linalonichoma zaidi, swali langu la kwanza lilikuwa, "Na ile pesa ya mafuriko, mama?" Nilimuuliza kama anayemhoji mwizi. Yeye hakukasirika. Alinihesabia kwa vidole.

"Ilikuwa elfu kumi, Mwalimu. Elfu tatu kodi ya chumba, elfu tatu diposti, maana hakuna mwenye nyumba aliyekubali kutupokea bila diposti. Iliyobaki ni godoro, sufuria na sare za hawa wadogo. Mchango wa mazishi ya baba yao sikuushika kwa mkono. Ulienda mochari, ukaenda kwa jeneza na chakula cha waliokuja kukesha."

Nilipanda matatu nikakaa karibu na dirisha. Sikumbuki kituo hata kimoja hadi Nakuru.

Ni lazima niseme ni kitu gani hasa nilichomnyima binti huyo. Katika mfumo wa ufadhili wa vyuo vikuu uliotangazwa Mei 2023, mwanafunzi alipangwa kwenye bendi kulingana na hali ya nyumbani kwao. Huyu aliwekwa bendi ya pili, ya familia ambazo mapato yao hayakupita shilingi 23,670 kwa mwezi. Serikali ilimlipia asilimia 60 ya gharama ya kozi, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, HELB, ilimkopesha asilimia 30, na familia ilipaswa kutafuta 10 iliyobaki. Ukiisoma kwenye karatasi, kumi ni kidogo. Kozi yake iligharimu kama laki mbili kwa mwaka, kwa hiyo ilikuwa elfu ishirini, elfu kumi kila muhula, na mwenye kuitafuta alikuwa mjane anayeuza kabeji. Pengo kama hilo ndilo lililofanya basari ziwepo. Mwaka ule kwa mwanafunzi wa chuo kikuu tulikuwa tukitoa elfu kumi.

Nilirudi kwenye zile katoni nikaitafuta fomu yake. Mahali palipoulizwa kama familia imepata msaada mwingine wowote, alikuwa ameandika kwa mwandiko safi: "Ndiyo. Sh 10,000 na blanketi mbili, baada ya mafuriko." Fomu ya kijana mwingine kutoka upande ule ule ilikuwa na nafasi hiyo tupu, na jina la wazazi wake limeandikwa tofauti kidogo na lilivyo kwenye orodha ya misaada. Huyo alipata. Simlaumu hata chembe, alistahili. Lakini yule aliyejibu swali letu kwa ukweli ndiye tuliyemfungia mlango, na mimi maisha yangu yote darasani nimewafundisha watoto kusema kweli.

Kuna jambo ambalo wenzangu kwenye kamati hawakulijua. Januari 2008, katika zile ghasia za uchaguzi, nyumba yangu karibu na Molo ilichomwa. Mimi na mke wangu na watoto tulilala kwenye hema katika uwanja wa maonyesho wa Nakuru. Serikali ilipoanza Operesheni Rudi Nyumbani Mei ya mwaka huo, ilitoa shilingi 10,000 kwa familia za kuanzia maisha, na 25,000 za kujenga kwa waliobomolewa au kuchomewa nyumba. Nilipanga foleni, na elfu kumi zile nilizishika kwa mikono hii. Nililipa deni la lori lililobeba kilichosalia, nikanunua magodoro mawili, nikawa nimemaliza. Muhula ule mwanangu alirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Kama mtu angeniambia sina haja ya kusaidiwa kwa kuwa nimeshapokea elfu kumi, sijui ningemjibu nini. Niliyajua haya yote kwa mwili wangu, na bado nilipopewa kalamu sikuyakumbuka.

Swali tulilopaswa kuuliza lilikuwa rahisi. Je, familia hii leo ina uwezo kuliko ilivyokuwa tarehe 28 Aprili, usiku waliolala wakiwa na baba, nyumba na vitanda? Pesa ya maafa huja mara moja, nayo hukuta kazi tayari inaisubiri: chumba, sufuria, kaburi. Mshahara huja tena mwezi ujao. Nimekuja kujua kwamba Marekani wana sheria ya 1988, inayoitwa kwa jina la seneta Stafford, inayoagiza kwamba msaada wa maafa usihesabiwe kama mapato wala mali pale mtu anapopimwa kwa misaada mingine ya serikali kuu inayotegemea kipato. Sisi tuna Solai, ambako bwawa lilipasuka Mei 2018 likaua zaidi ya watu 40. Tuna Kihoto, ambako maji ya Ziwa Naivasha yameingia hadi vyumbani. Tuna Mai Mahiu. Na fomu yetu ilikuwa na mstari mmoja tu wa kuuliza msaada mwingine, bila mahali pa kuandika kilichopotea.

Machi nilienda kumwona binti mwenyewe, siku yake ya mapumziko, kwenye kile chumba cha elfu tatu. Vidole vyake vilikuwa na mikwaruzo ya miiba. Nikamwambia mbele ya mama yake kwamba aliyekata jina lake ni mimi, na sababu niliyoitoa, na kwamba sababu hiyo haikuwa ya kweli. Nikaomba radhi. Alinyamaza kwa muda, kisha akainuka akatoa chini ya godoro kivuli cha fomu yake, kimekunjwa mara nne.

"Nilidhani nilikosea kujaza, Mwalimu," akasema. "Nimeisoma mara nyingi nikitafuta kosa."

Sikuwa na la kumjibu. Mama yake akaweka chai.

Kamati imekubali kuiondoa kanuni niliyoileta, na fomu mpya ina sehemu ya kueleza hasara. Muhula huu sehemu ya familia nimemlipia mimi kutoka pensheni yangu, lakini najua hiyo hairudishi mwaka uliopotea. Wale wengine kumi nimekuwa nikiwatafuta mmoja mmoja. Sita nimefika kwao, nikawaambia kama nilivyomwambia yeye. Wawili kati yao wamerudi chuoni. Wanne waliobaki walihama baada ya mafuriko, na namba walizoandika kwenye fomu haziingii. Jumamosi hii naenda Longonot, nimesikia mmoja ana shangazi huko.